UZI: Iventi za muda kwenye magemu ya bure zimenigeuza mlinzi wa zamu

#1 KipanyaUsiku

Wakuu, kabla sijaanza: gemu lenyewe silitaji. Nimelicheza miaka minne, lina mashabiki wake humu, na sitaki uzi uishie kwenye ugomvi wa gemu lako na gemu langu. Ninacholalamikia kipo karibu kwenye yote ya aina hii.

Ilikuwa hivi. Iventi ya siku 21. Zawadi kubwa ni vazi la mhusika ninayempenda, na ni zuri kweli, nisidanganye. Linauzwa tokeni 6,000, na tokeni hizo hazipatikani nje ya iventi. Misheni za kila siku zinatoa 200. Misheni za wiki zinatoa 400. Siku ya kumi na mbili nilikuwa safarini, mtandao hakuna, nikakosa siku moja. Moja tu. Siku ya mwisho nikajikuta na tokeni 5,500 na saa nyekundu juu ya skrini inahesabu dakika.

Hapo ndipo nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga siku ya kwanza. 200 mara 21 ni 4,200. 400 mara wiki tatu ni 1,200. Jumla 5,400. Yaani hata ningeingia kila siku na kumaliza kila nilichoagizwa, 6,000 nisingeiona. Na pembeni ya saa ile nyekundu kuna kitufe cha duka kinachomeremeta.

Naomba nieleweke: sina shida na ugumu. Kuna bosi mmoja alinipiga wiki nzima na kila siku nilirudi kwake nikiwa na hamu. Bosi yule alikuwa ananisubiri. Nikichoka nalala, kesho yake namkuta palepale na nyundo yake. Iventi haisubiri mtu. Kwa wiki tatu zile mimi sikucheza, nilihudhuria.

Nilikuwa naingia usiku macho yamejaa usingizi, nakuta misheni "shinda mechi tatu kwa upinde". Upinde sijui kuutumia na wala sitaki kuujua. Basi naingia mechini nawaharibia wenzangu. Nao ukiwaangalia, mmoja yuko mtoni peke yake kwa sababu kaagizwa apige adui akiwa ndani ya maji, mwingine anafungua masanduku tu, wa nne anachezacheza mbele ya sanamu. Timu ya watu wanne, kila mtu na mechi yake kichwani. Tukishindwa hakuna anayejali, maana kilichomleta kila mmoja si ushindi.

Najua si jambo jipya. Waliocheza FarmVille mwaka 2009 wanakumbuka mazao yalivyokuwa yakinyauka usiporudi kuvuna. Mwaka 2013 gemu la Dota 2 likaleta Compendium, kijitabu cha kidijitali cha kununua, kwa ajili ya mashindano yake ya The International, na wengi humu wanaihesabu kuwa mama wa pasi za msimu, zile unazofungulia zawadi hatua kwa hatua kabla msimu haujaisha. Fortnite ikaanza na yake mwishoni mwa 2017, na baada ya hapo likawa jambo la ajabu kukuta gemu la bure lisilo na pasi. Ila tazameni tofauti moja: shamba likinyauka ulipanda lingine. Vazi la msimu likipita, limepita. Angalau ndivyo wanavyotuambia, na hilo nalo nina maneno nalo.

Nilipoanza kucheza nilidhani silipi kitu. Kumbe nalipa kwa mahudhurio, na ukichelewa mahudhurio unatozwa fedha. Je, ni mimi tu?

#2 Dole_Gumba

Si uache tu? Gemu ni la bure, hakuna aliyekushika mkono. Vazi halikuongezei hata risasi moja.

#3 Asiyelogini

Dole_Gumba, hilo neno "acha tu" nimelifanyia majaribio, acha nikupe matokeo.

Nililifuta la kwangu mwaka jana katikati ya msimu. Siku ya kwanza raha. Siku ya pili nikagundua sijui cha kufanya na dakika kumi za kusubiri foleni. Siku ya tatu nikapokea barua pepe: shujaa, tumekukumbuka. Ndani yake zawadi za "waliorudi": sarafu, vipande vya silaha, na mhusika niliyemkosa nikiwa mwaminifu wa kila siku kwa miezi sita. Nikabaki naangalia ile barua. Aliyekuwepo kila siku anapewa 200, aliyesusa anapewa karamu.

Sikurudi. Lakini usiniambie ni jambo la kuamua asubuhi ukalisahau jioni. Nilikuwa kwenye klani, yaani kikundi cha wachezaji, ya watu thelathini, na alama za klani kwenye iventi zinajumlishwa. Ukikosa wewe, wanakosa wote. Nilipoondoka sikumuaga kiongozi kwa aibu.

#4 HesabuKali

Mwenye uzi, pole, lakini hesabu yako ina tundu.

Unasema kiwango cha juu ni 5,400. Ulikosa siku moja, toa 200, ulipaswa kuishia 5,200. Wewe unasema ulifika na 5,500. Hizo 300 zimetoka wapi?

#5 KipanyaUsiku

Duh. Subiri nikaangalie historia ya tokeni.

#6 KipanyaUsiku

Umenikamata kihalali. Kulikuwa na bonasi ya kuingia siku saba mfululizo, tokeni 150. Nilizipata wiki ya kwanza na ya tatu. Ya pili niliikosa kwa ajili ya ile safari.

#7 HesabuKali

Basi tupige upya. 5,400 jumlisha 150 mara tatu ni 5,850. Mhudhuriaji asiye na dosari hata moja anaishia tokeni 150 chini ya vazi.

Hiyo ni mbaya kuliko ulivyosema mwanzo. Mtu aliyepungukiwa 600 anaweza kukata tamaa akaenda kulala. Aliyepungukiwa 150 halali. Na kingine: kifurushi kidogo kabisa dukani kilikuwa cha tokeni ngapi?

#8 KipanyaUsiku

1,000.

#9 HesabuKali

Sina swali lingine.

#10 Bi_Mkubwa

Wanangu, mimi si mchezaji, nimeingia humu kwa sababu ya kijana wangu.

Alikuwa na mitihani. Nikamwambia simu nakaa nayo mimi mpaka amalize. Hakubisha hata kidogo, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa makini. Akanipa simu pamoja na karatasi. Kwenye karatasi kaandika: ingia kabla ya saa fulani, bonyeza sanduku la kijani, pokea, usibonyeze la zambarau, kisha nenda kwenye kalenda, pokea tena. Hatua tisa. Chini kaandika "tafadhali mama usisahau hata siku moja" na amepiga mstari mara mbili.

Nikafanya. Siku ya nne nilikuwa kitandani tayari, nikaamka kutafuta miwani ili nibonyeze sanduku la kijani. Nikiwa pale gizani nikajiuliza: mimi sijui hata huyu mnyama kwenye picha anaitwaje, nimeamkia nini? Ndipo nikaelewa kwamba mwanangu hakuwa mtovu wa nidhamu. Alikuwa na nidhamu kubwa sana, ila imeelekezwa kwingine.

Sikumfokea. Alipomaliza mitihani nikamrudishia simu na mfululizo wake haujakatika. Sijui kama nilifanya sawa.

#11 KipanyaUsiku

Shikamoo mama. Hatua tisa! Nimecheka halafu nikakumbuka kwamba mimi nilimwachia mdogo wangu karatasi kama hiyo kabla ya safari, ila yeye alisahau. Na nilimnunia siku mbili.

#12 Fundi_Misimbo

Nimefanya kazi kwenye studio ndogo ya kutengeneza magemu miaka kadhaa, upande wa iventi hasa. Jina lake silitaji, na nilishaondoka. Nitajaribu kusema ukweli wa pande zote mbili, maana humu naona tunaandika kana kwamba mle ndani wamekaa mashetani wanachora saa nyekundu. Wamekaa watu wenye usingizi kama wenu.

Gemu la bure linaishi kwa namba chache. Waliojiunga leo, ni wangapi wanarudi kesho, wangapi siku ya 7, wangapi siku ya 30. Wangapi wanaingia kwa siku. Wengi wao hawatanunua chochote kamwe, na hilo linajulikana tangu siku ya kwanza. Wachache ndio wanaobeba mishahara na gharama za seva. Sasa wale wachache hawanunui kwenye gemu lenye foleni tupu. Kwa hiyo hata wewe usiyelipa una kazi: kuwepo. KipanyaUsiku anaposema "nalipa kwa mahudhurio" hajatia chumvi.

Iventi ikianza, mchoro wa walioingia unapanda. Ikiisha, unaporomoka. Kuporomoka huko kunatisha wakubwa, basi iventi inayofuata inaanza kabla hii haijaisha. Ndiyo maana hampati pumzi. Hakuna aliyekaa akasema tuwanyime pumzi. Kilichotokea ni kwamba kila wiki yenye pumzi ilionekana kwenye mchoro kama shimo, na mtu akaulizwa shimo hilo ni la nini.

Kuna sababu halali za muda kuwa mfupi, nazo ni hizi. Ukiwa na aina sita za mechi na zote ziko wazi wakati wote, wachezaji wanagawanyika na kila foleni inakuwa ndefu. Kufungua moja kwa wiki mbili kisha kuifunga kunawakusanya. Hilo sikuwahi kulionea aibu. Pia sasisho kubwa linahitaji watu wengi waingie mara moja ili hitilafu zionekane mapema.

Ninalolionea aibu ni saa. Tuliijaribu kwa makundi mawili ya wachezaji, moja lilionyeshwa tarehe ya mwisho kwa maandishi ya kawaida, jingine likaonyeshwa saa inayohesabu kurudi nyuma na kugeuka nyekundu siku mbili za mwisho. Siku hizo mbili, kundi la pili lilinunua zaidi. Hakukuwa na mjadala baada ya hapo. Wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba kupoteza kunauma kuliko kupata kiasi kilekile kunavyofurahisha, na tokeni zako 5,500 ukishazikusanya si njia ya kupata vazi tena. Ni mali yako inayokaribia kuungua.

Kuhusu ile 150 ya HesabuKali: tulikuwa na jedwali lake. Nitaishia hapo.

#13 Dole_Gumba

Sawa, nimerudi nyuma hatua moja. Moja.

#14 SaaMbovu

Jamani mnalia tokeni, mimi mwenzenu nilipigwa na saa yenyewe.

Tangazo liliandikwa: inaisha tarehe 14, 3:59. Mimi nikasoma saa tatu na dakika 59. Asubuhi? Usiku? Nikasema hata ikiwa asubuhi, nitaamka mapema nimalize misheni zangu mbili. Nimeamka saa kumi na mbili alfajiri nimejiandaa kama naenda vitani, nakuta iventi imefungwa. Kumbe yao ni 03:59, yaani kwa hesabu yetu ya Kiswahili saa kumi kasoro dakika moja alfajiri. Tarehe 14 nzima ilikuwa na masaa manne tu.

Nikawaandikia. Wakanijibu kwa heshima kwamba muda ulioandikwa ni wa seva. Imekula kwangu.

#15 HesabuKali

SaaMbovu umenikumbusha kitu kinachoonyesha kwamba haya mambo yanarekebishika wakitaka.

Gemu la Genshin Impact lina utomvu, nguvu unayotumia kufungulia zawadi. Unaongezeka uniti moja kila dakika 8. Zamani kikomo kilikuwa 160. 160 mara 8 ni dakika 1,280, yaani masaa 21 na dakika 20. Oneni: chini ya siku. Ukiingia leo saa mbili usiku ukautumia wote, kesho saa mbili usiku umeshajaa na umepoteza karibu masaa matatu. Ili usipoteze lazima kila siku uingie mapema kuliko jana, au uingie mara mbili.

Mwaka 2024, toleo la 4.7, wakapandisha kikomo kuwa 200. Masaa 26 na dakika 40. Sasa mtu mwenye kazi anaingia mara moja kwa siku, saa ileile au akichelewa kidogo, na hapotezi kitu. Kasi haikubadilika hata sekunde. Waliongeza nafasi ya kuchelewa, basi. Miaka karibu minne tangu gemu litoke, kwa ajili ya namba moja.

#16 Tumbuizo

Mimi nitasimama upande wa iventi, mnipige mawe taratibu.

Kuna raha isiyokuja bila tarehe. Aprili 2020 mwanamuziki Travis Scott alipotumbuiza ndani ya Fortnite, zaidi ya watu milioni 12 walikuwa mle kwa wakati mmoja kwenye onyesho la kwanza. Ile ingewekwa kwenye menyu uitazame siku yoyote, ingekuwa video. Community Day za Pokémon GO, siku za wachezaji kutoka nje kukamata viumbe kwa simu, zilipoanza Januari 2018 zilikuwa masaa matatu tu, na ndiyo maana ukitoka nje ulikutana na watu wengine wameinamia simu kama wewe. Nimepata rafiki wa kweli hivyo. Harusi nayo ina siku yake moja, mbona hatuiiti hila?

#17 KipanyaUsiku

Tumbuizo, hakuna wa kukupiga. Nimetafuta cha kukubishia nimekosa, isipokuwa hiki: harusi hainitaki nihudhurie siku 21 mfululizo nikisaini, na nikikosa moja ninyimwe pilau mpaka ninunue kifurushi.

Na huo mfano wako unanisaidia mimi. Onyesho lile lilirudiwa, mara tano kwa siku tatu kama sikosei, ili watu wa kila pembe ya dunia walikute mchana wao. Community Day nayo ilipangiwa saa zake kwa kila kanda ya dunia. Hao walitaka uwepo. Ya kwangu ilitaka niogope kutokuwepo. Naona ni vitu viwili, ingawa vyote vina saa juu.

#18 Asiyelogini

Kuna aliyegusia "likipita limepita". Tuongee hilo.

Mei 2024 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia watumiaji na masoko, ACM, iliitoza Epic Games, wenye Fortnite, faini ya euro 1,125,000 kuhusu gemu hilo. Miongoni mwa sababu ni saa za duka: zilionyesha kitu kinakaribia kuondoka, wakati vingine vilibaki vikipatikana baada ya saa kufika sifuri. Epic ilisema haikubaliani na uamuzi huo. Agosti mwaka huohuo wenyewe wakatangaza kwamba kuanzia msimu ule vitu vya pasi vinaweza kurudi dukani baada ya miezi 18. Kuna waliokasirika, eti vazi lao halitakuwa adimu tena. Mimi nikacheka: saa ilipokuwa inawapiga walilia, walipoambiwa haitawapiga wengine wakalia zaidi.

Halo Infinite ilipotoka 2021 pasi zake hazikuwa na tarehe ya mwisho, unaimaliza utakapo. Watu waliisema kwa mengine mengi, lakini sikumbuki mtu akilalamika kwamba pasi inamsubiri sana.

China ilikwenda mbali zaidi. Desemba 2023 walitoa rasimu ya kupiga marufuku zawadi za kuingia kila siku. Hisa za Tencent na NetEase, kampuni kubwa za magemu za huko, zikaanguka siku hiyohiyo. Januari rasimu ikaondolewa kwenye tovuti ya mamlaka, kimya kimya. Mimi nilichojifunza pale ni thamani ya lile sanduku la kijani la Bi_Mkubwa.

#19 Bi_Mkubwa

Kumbe. Na mimi nililibonyeza siku tisa.

#20 Fundi_Misimbo

Mama, tuliwahi kuona akaunti nyingi zenye mwenendo huo: zinaingia, zinapokea, zinatoka chini ya dakika mbili, hazichezi mechi hata moja. Kwenye mchoro zinahesabiwa sawa na mchezaji aliyekaa masaa matatu akifurahi. Nilipendekeza tuzitenganishe. Ingeshusha namba ya siku, kwa hiyo haikufanyika.

#21 SaaMbovu

Kwa hiyo nusu ya "wachezaji" wao ni akina mama wenye miwani.

#22 Dole_Gumba

KipanyaUsiku, nimesoma uzi wote tangu juu, na kuna kitu umekiruka kwa ustadi. Ulisema ulikuwa na 5,500 na saa inahesabu dakika. Ukaishia hapo. Vazi ulilipata au hukulipata?

#23 HesabuKali

Nilikuwa nasubiri atokee wa kuuliza.

#24 KipanyaUsiku

Nililipata.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Nilinunua kile kifurushi cha 1,000. Nilijiambia nimeshaweka siku ishirini, siwezi kuziacha ziende bure kwa ajili ya safari moja. Baada ya hapo nikaja humu kuandika uzi, na nilipofika kwenye sehemu hiyo mkono ukakataa.

Nimelivaa mara mbili. Tokeni 500 zilizobaki, iventi ilipofungwa, ziligeuzwa kuwa sarafu za kawaida za gemu. Nilipewa sarafu 50.